Programu ya kuchora kwa fundi wa nyumbani, na kiunzi cha mota cha kuanzia nacho

Wengi huchagua programu ya kuchora kwa kutazama picha zake zinavyong'aa. Kinachofika kwenye jiliwa ni kitu kingine: karatasi yenye vipimo, faili ya DXF (mistari ya mchoro bapa) anayopelekewa mwenye mashine ya kukata chuma kwa plasma, au faili ya STL (umbo zima) ya printa ya 3D. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: chuma chako kitakatwa kwa nini? Jibu lake litaondoa nusu ya programu kabla hujapakua hata moja.

Ukikata kwa grainda na kutoboa kwa drili, unahitaji mchoro bapa ulio sahihi, basi. LibreCAD inatosha. Ni ya bure, ni nyepesi, na inaenda hata kwenye kompyuta kongwe. Huandika DXF, ambayo mashine karibu zote za kukatia hukubali. Upungufu wake ni faili za DWG, zile za AutoCAD: inazisoma kwa shida na haiziandiki. Ukitumiwa DWG, mwombe aliyekutumia akutolee DXF.

Mashine ikiwa na shafti, mikanda na sehemu zinazopishana, mchoro bapa huficha migongano, na hapo unahitaji programu ya umbo zima (3D). FreeCAD ni ya bure bila kikomo, inaruhusu kazi za biashara, haihitaji intaneti, na faili zako hukaa kwenye mashine yako mwenyewe. Chukua toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au la baadaye. Matoleo ya zamani yalikuwa na ugonjwa mmoja: unabadilisha kipimo cha mwanzo, na matundu uliyoyachora juu ya uso fulani yanahamia uso mwingine au kazi nzima inavunjika. Toleo la 1.0 limepunguza sana tatizo hilo. Hata hivyo, jizoeze kuweka kila skechi (mchoro bapa ambao umbo huinuliwa kutoka kwake) kwenye bapa za msingi (XY, XZ, YZ) badala ya juu ya uso wa kipande, na kuacha mviringo wa kona na michongo ya ukingo hadi mwisho kabisa.

Onshape hufanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo kompyuta dhaifu inaiweza, na hata simu. Lakini kwenye akaunti ya bure kila unachochora huonekana na watu wote, na huruhusiwi kukitumia kibiashara. Anayetengeneza mashine za kuuza aiache. Fusion ya Autodesk ina leseni ya bure kwa kazi binafsi zisizo za biashara, na inakuruhusu kuwa na hati 10 tu zinazoharirika kwa wakati mmoja. Faida yake kubwa ni kwa mwenye mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, kwa sababu hutengeneza pia njia ya kupita kisu. OpenSCAD ni ya anayependa kuandika msimbo; ni nzuri kwa vipande vya kuchapa kwa printa ya 3D, lakini haikupi karatasi ya karakana yenye vipimo.

Kwa mwenye laptop ya RAM GB 8, anayenunua bando na ambaye umeme wake hukatika, ushauri ni mmoja: FreeCAD, na LibreCAD pembeni kwa ajili ya kusafisha DXF. Usikae mwezi mzima ukilinganisha. Chora kipande kimoja halisi, badilisha kipimo chake kimoja, kichape kwa kipimo cha 1:1, kisha kitoe kama DXF na ukifungue tena. Programu inayopita hatua hizo nne inakufaa.

Kipande kizuri cha kujaribia ni kiunzi cha mota na shafti, kile kile kinachoweza kubeba mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukata majani au ya kusugua.

Vipimo vya kiunzi

Mota ni ya kW 0.75, yenye ncha nne za sumaku (pole), ukubwa wa fremu 80. Kwa umeme wa Hz 50 huzunguka karibu mara 1,400 kwa dakika. Kitovu cha shafti yake kiko mm 80 juu ya miguu. Matundu ya miguu yameachana mm 125 kwa kukingama na shafti na mm 100 kwa kufuata shafti. Shafti yenyewe ni mm 19. Puli ya mota ni mm 75 na ya mashine ni mm 150 (pima pale mkanda unapokaa, usipime ukingo wa nje), hivyo shafti ya mashine itazunguka karibu mara 700.

Shafti ya mashine ni mm 20 na hubebwa na beringi mbili za UCP204, zile zenye kitako chao cha kufungia kwa bolti. Kitovu chake kiko mm 33.3 juu ya kitako, kitako kina urefu wa mm 127 na upana wa mm 38, na matundu mawili ya bolti za M10 yameachana mm 95. Upana huo wa mm 38 ndio unaochagua bomba: bomba la mraba la mm 40 kwa 40 linabeba kitako bila kubakiza ukingo nje. Lenye unene wa mm 2 linatosha. Lipime kwa vernia dukani kabla ya kuchora, maana unene unaotajwa na unaouzwa mara nyingi havilingani.

Fremu ya juu ni mm 700 kwa 400 kwa nje, kona zikiwa za nyuzi 45. Ongeza miguu minne ya mm 700 na boriti moja ya kati ya mm 320. Jumla ni mm 5,320, na kisahani kinene cha kukatia hula karibu mm 3 kila mkato. Bomba moja la mita 5.8 linatosha na kipande kinabaki.

Ukipima kutoka mwisho mmoja wa fremu, weka kitovu cha shafti kwenye mm 155, katikati ya boriti ya kati kwenye mm 430 na katikati ya mota kwenye mm 555. Mota inakaa juu ya bamba la mm 290 kwa 180, unene mm 6, linalolala kati ya boriti ya kati na boriti ya mwisho.

Sasa chora kwa ubavu. Ukitazama kutoka juu, shafti mbili zimeachana mm 400. Lakini ya mota iko mm 86 juu ya fremu na ya mashine iko mm 33.3, hivyo umbali wa kweli ni mm 403.5. Urefu wa mkanda ni mara mbili ya umbali huo, kujumlisha 1.57 mara jumla ya vipenyo vya puli, kujumlisha mraba wa tofauti ya vipenyo uliogawanywa kwa mara nne ya umbali: 807 + 353 + 3.5, yaani karibu mm 1,164. Mkanda wa V aina ya A namba 45 una inchi 45 kwa ndani, mm 1,143. Ongeza karibu mm 33 kufikia mstari unaofanya kazi, upate mm 1,176. Mota itarudi nyuma karibu mm 6, na mkanda ukivutika itarudi zaidi. Hii ndiyo sababu bamba linapewa matundu marefu.

Mchoro huo wa ubavu unaonyesha pia jambo ambalo mchoro wa juu hauonyeshi: upande wa chini wa mkanda hupita karibu kabisa juu ya boriti ya kati. Nafasi ni karibu sentimita moja tu. Mkanda ukilegea utasugua chuma.

Kuchora bamba kwenye FreeCAD

Fungua Part Design (sehemu ya FreeCAD ya kuunda vipande), tengeneza Body (kipande kipya), kisha skechi kwenye bapa la XY. Chora mstatili wa 290 kwa 180 wenye kitovu kwenye asili, yaani pale mihimili ya X na Y inapokutana. Ongeza matundu marefu manne, kila moja upana wa mm 9 kwa bolti ya M8, na vitovu vya ncha zake mbili viachane mm 40. Katikati ya matundu yaliyo upande wa shafti ya mashine iwe mm 57.5 kutoka kitovu, na ya upande wa pili iwe mm 67.5. Tofauti hiyo ya mm 10 ni ya makusudi: inaipa mota mm 15 za kusogea mbele wakati wa kuvalisha mkanda na mm 25 za kurudi nyuma wakati wa kukaza. Kwa upana, matundu yawe mm 50 kila upande wa mstari wa kati.

Endelea kuweka vipimo na masharti mpaka skechi igeuke kijani. Rangi hiyo inamaanisha hakuna kilichobaki kikielea. Skechi isiyofika kijani hubadilika pembeni ukigusa kipimo kingine, na utaligundua hilo bamba likishakatwa. Kisha ipe unene wa mm 6. Kwa karatasi tumia TechDraw, sehemu ya FreeCAD ya kutoa michoro yenye vipimo, na uandike pia kipimo cha ulalo wa fremu, mm 806.2. Utakihitaji wakati wa kuchomelea.

Mchoro ukifika karakana

Karatasi iliyochapwa ndiyo chanzo cha makosa mengi kuliko drili. Programu za kufungua PDF hupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, na kipimo cha 1:1 kinakuwa pungufu bila onyo. Chagua uchapaji wa asilimia 100, na kwenye kila mchoro weka mstari wa mm 100. Upime kwa rula kabla ya kubandika karatasi kwenye chuma.

Faili ya DXF ikifunguka kubwa mara 25.4 au ndogo kiasi hicho, upande mmoja umesoma inchi na mwingine milimita. Mwandikie mkataji: "Vipimo ni milimita, bamba lina urefu wa 290". Kwenye LibreCAD, futa mistari iliyolaliana, kwa sababu mashine hukata mara mbili, na unganisha kona zilizoachana. Plasma hula karibu mm 1.5 kwa upana, na mwenye mashine ndiye anayefidia; ukifidia na wewe, kipande kitatoka kikubwa. Usimpe plasma tundu dogo kuliko mara moja na nusu ya unene wa bamba. Huwa linatoka na umbo la yai na kuta zilizoungua zinazoua biti.

Kama huna plasma, toboa matundu matano ya mm 9 yaliyoachana mm 10 katika kila tundu refu. Kati yao hubaki kizuizi cha mm 1 unachokiondoa kwa tupa. Biti ikigeuka bluu, mwendo ni mkubwa mno. Kwa chuma laini na biti ya HSS (ile ya kawaida ya kutobolea chuma), gawanya 8,000 kwa kipenyo: mm 9 hutaka karibu mizunguko 900 kwa dakika. Drili nyingi za mkononi hufika 2,800, kwa hiyo bonyeza kidogo na utumie mafuta. Anza na biti ya mm 4.

Kuchomelea hupinda kila kitu. Shikilia kona nne kwa nukta ndogo, pima milalo yote miwili, na urekebishe kwa nyundo hadi ifanane ndani ya mm 1. Kisha chomelea kona zinazokabiliana kwa zamu, kidogo kidogo. Bomba lenye zinki lisuguliwe kwanza hadi zinki yote itoke, kwani moshi wake hudhuru. Fanyia kazi nje.

Matundu ya beringi yatobolewe baada ya kuchomelea, kamwe si kabla. Fremu ikishavutika, mm 95 za kwenye mchoro zinabaki sawa lakini mstari wa shafti unakuwa umehama. Weka beringi zote mbili kwenye shafti, zilaze juu ya fremu, weka alama kwa panchi, ndipo utoboe. Bolti ya M10 ikipita moja kwa moja kwenye bomba lenye uwazi, ukikaza kuta zitabonyea. Toboa mm 11 juu na mm 18 chini, ingiza kutoka chini kibomba chenye urefu wa mm 38 ambacho M10 inapita ndani yake, na ukichomelee.

Shafti nyeusi ya mm 20 kutoka dukani inaweza kupotoka hadi nusu milimita na kuwa na magamba. Ikigoma kuingia kwenye beringi, usiipige nyundo. Nunua iliyovutwa na kung'arishwa, au mpelekee mkerezaji ya mm 25 aishushe hadi mm 20. Kaza bolti za beringi kidogo, zungusha shafti kwa mkono, na kama kuna mahali inapokwama weka kipande chembamba cha bati chini ya kitako kimoja hadi izunguke sawa. Ndipo ukaze kabisa.

Puli mbili zilinganishwe kwa rula ndefu iguse nyuso zote mbili. Mkanda uwe umekazwa hivi: ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke karibu mm 6. Weka kinga ya bati kabla ya kuwasha. Baada ya nusu saa ya kazi mkanda mpya huwa umelegea. Zima, chomoa plagi, vuta mota nyuma kwenye matundu marefu, na kaza upya bolti pamoja na skrubu za kubania beringi.