Namna ya Kupima Madai Kuhusu Ulaji wa Mimea na Ulaji wa Nyama na Mafuta

Anayetafuta ushauri wa ulaji siku hizi huambiwa na huyu kwamba nyama na siagi ndizo zinazoziba mishipa ya moyo, na kuambiwa na yule kwamba ugali na wali ndivyo vinavyoleta kisukari na kitambi. Pande zote mbili hutaja utafiti, na mara nyingi utafiti wenyewe upo kweli. Kwa hiyo usihangaike kumsaka mwongo. Uliza utafiti ulilinganisha nini na nini, kwa watu gani, kwa muda gani, na ulipima nini.

Swali la ulinganisho ndilo la kwanza. Aliyeacha soda, maandazi na chipsi akahamia kwenye nyama, mayai na sukuma wiki huenda akapungua uzito, na aliyeacha vitu hivyo hivyo akahamia kwenye maharage, mtama na matunda huenda naye akapungua. Kila mmoja atakisifu chakula alichoanza kula, ilhali walichokiacha ni kile kile.

Swali la pili ni la watu waliochunguzwa, na hapa mfano wetu wa karibu ni Wamaasai, ambao watetezi wa nyama na mafuta huwataja sana. Mwaka 1964 George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alieleza kwamba wanaume wa Kimaasai wapatao 400 aliowapima Tanganyika walikuwa na lehemu (kolesteroli) ndogo katika damu na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo, ingawa chakula chao kikuu kilikuwa maziwa na nyama. Sehemu inayosimuliwa kwa nadra ni ile ya mwaka 1972, Mann na wenzake walipochunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki, wakakuta kwamba kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kwa mafuta kama za wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kiasi kwamba damu iliendelea kupita. Watafiti walihisi kwamba upanuzi huo ulitokana na mwendo mrefu wa kila siku nyuma ya mifugo. Karani anayeshinda kitini Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuazima nusu ya habari hiyo, yaani maziwa na nyama, akaiacha nusu ya kutembea.

Muda na kipimo viangaliwe pamoja. Mwaka 2021 kundi la Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilichapisha matokeo ya watu 20 waliolazwa wiki nne, wakila wiki mbili chakula cha mimea chenye mafuta kidogo na wiki mbili chakula cha wanyama chenye mafuta mengi na wanga kidogo, kila mmoja akila hadi aridhike. Walipokuwa kwenye mimea walikula pungufu kwa takriban kalori 690 kwa siku. Walipokuwa kwenye mafuta, sukari yao baada ya kula ilipanda kwa kiasi cha chini kuliko walipokuwa kwenye mimea. Kila kambi hunukuu nusu inayoipendeza, na zote husahau kwamba wiki mbili haziwezi kutuambia lolote kuhusu moyo wa mtu baada ya miaka ishirini.

Ukiamua kujaribu ulaji wowote, pima kabla ya kuanza, kisha rudia baada ya miezi mitatu: shinikizo la damu, kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa kipindi hicho, na lehemu, hasa ile ya LDL, ambayo hujikusanya kwenye kuta za mishipa. Mizani peke yake haitoshi, kwa kuwa mtu anaweza kupungua uzito huku LDL yake ikipanda, na mimi sikubaliani kabisa na wanaosema kwamba LDL iliyopanda ni ya kupuuzwa mradi mtu anajisikia mwepesi. Anayeacha kabisa nyama, mayai na maziwa atafute vitamini B12 ya vidonge au ya vyakula vilivyoongezewa, kwa kuwa mimea haina chanzo chake cha kutegemewa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide asipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa sahani ya ugali inaweza kushusha sukari yake hadi akazimia siku anayokula nyama na mboga peke yake.