Kufunga feni ya nje kwenye redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya hobi) ya wati 100, kwa walio Lamu

Redio ya wati 100 ikirusha kwa nguvu zote hula kama ampea 20 kwenye volti 13.8, yaani wati 276. Mia zinakwenda kwenye eriali. Zaidi ya 170 zilizobaki ni joto tupu la kuondolewa. Ukizungumza kwa SSB (njia ya kurusha sauti) haisumbui sana, maana maneno yana mapumziko. FT8 (njia ya kidijitali ya kutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta) hurusha sekunde 12.6 mfululizo kila zamu, na msimu wa kaskazi, chumba kikiwa nyuzi 32, hitisinki (chuma chenye mapezi kinachotoa joto la redio) haina pa kulimwaga joto hilo.

Usitoboe kasha ili upitishe hewa ndani. Upepo wetu una chumvi. Ukipita juu ya bodi huacha utando ambao usiku hunyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme, kisha shaba hugeuka kijani. Poza mapezi ya nje tu. Kama redio ina feni yake ya ndani iache ilivyo. Hii ya nje itaipunguzia kazi.

Vifaa. Feni ya volti 12 yenye upana wa milimita 80, ya beringi za gololi (za bushi hukauka na kukwama mapema). Thamostati (swichi inayoendeshwa na joto) ya nyuzi 50. Fyuzi ya nusu ampea. Kapasita ya nanofaradi 100. Skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 1. Chomoa umeme, safisha mapezi kwa brashi kavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti.

Hatua ya 2. Funga feni kwenye kipande cha alumini kinachoshikwa na matundu ya mabano ya redio, ikipuliza kuelekea mapezi. Acha nafasi ya milimita 10 kati yao.

Hatua ya 3: thamostati. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Kwanza, wengi hununua ya nyuzi 40 wakidhani kuwahi ni bora. Swichi hizi hazizimi pale pale zilipowakia. Huzima joto likishuka nyuzi 10 hadi 15. Ya 40 basi husubiri 30 au 25, na mchana wa Lamu hitisinki haifiki huko hata redio ikiwa imezimwa. Feni itazunguka kutwa, ikila betri ya sola na kuvuta chumvi bure. Ya 50 huzima kati ya 40 na 35, na hiyo inafikika.

Pili, zipo zinazofunga sakiti zikipata moto na zipo zinazoifungua, na kwa macho hazitofautiki. Unataka inayofunga. Pima kwa mita: ikiwa baridi isipitishe. Kisha ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, itumbukize kwenye kikombe cha maji ya moto, upime tena: sasa ipitishe. Ikifanya kinyume, irudishe dukani.

Tatu, mahali. Ibane kwa pesti ya joto na skrubu kwenye hitisinki, mkabala na transista za mwisho, zile zinazotoa nguvu ya kurusha. Ukiibandika pembeni mwa kasha itachelewa kwa dakika kadhaa, na transista haisubiri.

Nne, iweke upande wa hasi wa feni. Hitisinki imeungana na hasi, kwa hiyo ganda la thamostati likivujisha umeme, feni itazunguka tu bila kuzima. Ungeiweka upande wa chanya, ungechoma fyuzi.

Hatua ya 4. Chukua umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai au betri, fyuzi ikikaa upande wa chanya. Usiuchukue kwenye soketi ya maikrofoni. Sokota waya mbili pamoja, lehemu kapasita kwenye miguu ya feni.

Hatua ya 5. Sikiliza bendi ya mita 40 feni ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Ukisikia mvumo, chomoa eriali. Ukitoweka, kelele inaingia kupitia eriali: zungusha waya wa feni mara nane kwenye pete ya feraiti aina ya 31. Ukibaki, inapita kwenye waya za umeme, na pete hiyo ifunge karibu na pawa saplai.

Hatua ya 6. Unganisha mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya eriali) wa omu 50, urushe wati 50 kwa dakika tano. Feni iwake yenyewe, na baada ya kuacha izime yenyewe. Kwa FT8 baki kwenye wati 30 hadi 50 hata ukiwa na feni. Wakati wa kusi, brashi ipite kwenye mapezi kila wiki mbili.