Ukiambiwa "tupatane Archives", ingia ndani: jinsi ya kuona mkusanyo wa Murumbi kwa siku moja

Kila mtu wa Nairobi ameshawahi kumngoja mtu nje ya Archives, lile jengo la kumbukumbu za taifa. Pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, watu wamesimama simu mkononi wanauliza "uko wapi?" na wengi wao hawajawahi kuvuka ule mlango. Mimi nilikuwa hivyo miaka mingi, mpaka siku moja mvua ilinikuta nikaingia tu kujikinga, nikatoka baada ya saa mbili nikiwa nimesahau ata nilikuwa nangoja nani. Tangu siku hiyo nikipata mgeni simpeleki mall, nampeleka kumwona Murumbi, na leo nataka nikuonyeshe njia ninayopita.

Kwanza ujue unamwendea nani, maanake ukiingia bila kumjua utaona vinyago tu na utatoka na njaa. Joseph Murumbi alizaliwa 1911 Eldama Ravine, babake mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, India, mamake Mmaasai. Alisomea India, akafanya kazi Somalia, na wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, miaka ya hamsini, alikuwa London akipigania uhuru kutoka huko. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, alafu 1966 akawa makamu wa rais baada ya Oginga Odinga, lakini mwaka haukuisha kabla ajiuzulu. Na maisha yake yote, popote alipopita, alikuwa ananunua sanaa ya Afrika, vitabu, vitambaa, stempu, yeye na mkewe Sheila. Ile 1972-73 akaungana na Mmarekani Alan Donovan wakaanzisha jumba la sanaa la African Heritage hapa Nairobi, kuuza na kuonyesha kazi za wasanii wa bara zima wakati ambapo wengi waliona hizo ni vitu vya kuuziwa watalii tu.

Sasa shida ni kwamba huu mkusanyo hauko sehemu moja. Alikuwa na nyumba Muthaiga, akaiuzia serikali miaka ya sabini pamoja na vitu vyake, matumaini yakiwa pageuzwe kituo cha utafiti wa Afrika. Haikuwa hivyo, nyumba ikaja kuvunjwa. Mimi hiyo huniuma kila nikiifikiria, kwa sababu ungeona meza palipokuwa meza na mlango palipokuwa mlango. Kwa hivyo leo inabidi uzunguke mwenyewe uunganishe vipande, na ndio maana mpangilio wa siku ni muhimu.

Chagua siku ya wiki, si Jumapili, na uanzie Archives asubuhi mapema kabla tao ijae. Beba kitambulisho. Jengo lenyewe liliwahi kuwa benki, Bank of India, ndio maana lina nguzo nzito na ule ukumbi mkubwa chini, na ukumbi huo ndio Murumbi Gallery. Vitu ni vingi mno, vinyago, silaha, samani, mapambo, vitambaa, na kosa ambalo karibu kila mtu hufanya ni kuzunguka haraka akitazama kila kitu sekunde mbili. Usifanye hivyo. Zunguka mara moja bila kusimama, upate picha, alafu rudi uchague vitu vitatu tu vilivyokuvuta na ukae navyo. Angalia kitu kimechakaa wapi: kigoda kilichokaliwa kinang'aa pale katikati, kitu kilichochongwa kikauzwa kabla hakijatumika hakina huo mng'ao. Soma kibandiko kinasema kimetoka wapi, uone kama kuna jina la aliyekitengeneza. Mara nyingi utapata kabila au nchi bila jina la fundi, lakini ukifika kwa kazi za wasanii wa kisasa jina liko, na hapo ndipo unaelewa Murumbi alikuwa anajaribu kuweka nini pamoja. Kupiga picha, uliza kwanza, wahudumu ni watu wazuri na ukiwauliza swali moja wanakupa hadithi tatu.

Ukiwa mpenzi wa vitabu, jua kwamba hapo hapo kuna maktaba yake, vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Hivyo huvikuti ukutani, unajiandikisha kama mtafiti, kwa hivyo itengee siku yake.

Ukitoka, usipande kitu, tembea. Fuata Moi Avenue mpaka Kenyatta Avenue, alafu ushike Kenyatta Avenue moja kwa moja kuelekea Uhuru Highway. Njiani utapita wale askari watatu wa shaba, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo Vita vya Kwanza vya Dunia. Simama hata dakika tano, kuna maandishi ya Kiswahili pale ambayo watu hupita kila siku bila kusoma. Wenzao wako Mombasa na Dar.

Mwisho wa barabara, kando ya Nyayo House, ndio Nairobi Gallery. Jengo la mawe la 1913, dogo ukilinganisha na hilo ghorofa la pembeni, na ukiwa ndani ya gari hulioni kabisa. Zamani ilikuwa ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa, watu walienda hapo kuandikisha watoto waliozaliwa, kufunga ndoa na kuandikisha vifo. Umbali wa kutoka Nairobi kwenda miji mingine nao ulikuwa unapimwa kuanzia hapo, yaani ndiyo kilomita sifuri. Ni ya makumbusho ya taifa, kwa hivyo malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, weka bando na pesa kwenye M-Pesa kabla hujafika getini usije ukashindwa na mtandao pale mlangoni.

Hapa mambo ni tofauti na Archives. Vyumba ni vidogo, vimepangwa kama nyumba ya mtu, na vitu vya Murumbi na vya African Heritage viko pamoja, stempu zake, nguo, shanga, samani. Hapa ndipo mtu anarudi kuwa mtu, unaona alichokaa nacho sebuleni. Ushauri wangu: anza na stempu ingawa zinaonekana za kuchosha, kwa sababu zinakuonyesha jicho lake, namna alivyokuwa anapanga bara zima nchi kwa nchi, na ukishaliona hilo vyumba vingine vyote vinafunguka.

Kula mchana tao, alafu panda mat za Parklands ushuke City Park. Hii watu wengi huiacha na mimi nasema usiiache. Murumbi alikufa Juni 1990, na alitaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, yule mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, ambaye kaburi lake liko ndani ya makaburi ya City Park. Murumbi na Sheila wako nje tu ya ukuta wa makaburi hayo, ndani ya bustani, wamezungukwa na sanamu za wasanii aliowapenda, akiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Hapa hakuna kioo wala kibandiko, unaweza kuzunguka sanamu uione mgongo, uone mvua imeifanya nini.

Ficha chakula, tumbili wa pale hawana aibu. Na fika kabla ya saa kumi, uanze na kaburi la Pinto ndani alafu utoke uende kwa Murumbi, uhesabu mwenyewe ni hatua ngapi.