Bwawa likikosekana, omba shawa

Mnaopanga kujifungulia kwenye maji, hii iwekeni akilini. Mimi nilifika na uchungu wangu nikakuta bwawa la kujifungulia lina mtu, nikalia weee, mkunga akaniambia njoo bafuni. Unachofanya ni hiki: chukua kiti cha plastiki, ukikalie kinyumenyume, kifua na mikono viegemee kwenye mgongo wa kiti, halafu anayekusindikiza ashike shawa akumwagie maji ya uvuguvugu kiunoni, pale pale panapouma, uchungu ukipanda asiondoe mkono. Joto linalegeza misuli na ngozi ikihisi maji yanavyopiga, ubongo unapata kitu kingine cha kushughulika nacho, na ukiinama hivyo mgongo unapumua. Maji yasiwe moto, hata kwenye bwawa hawaruhusu yazidi nyuzi 37.5, na kunywa maji ya kunywa kila baada ya muda maana humo ndani unatoka jasho bila kujua. Ila haikuzalishi wala haiondoi maumivu yote, inakupa tu nafuu ya kupumua. Na haifai ukishachomwa ganzi ya mgongoni (miguu haina nguvu na hutajua kama unaungua), ukiwa unatoka damu au una homa, au wakitaka mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe muda wote kwa mashine ya waya. Kama tatizo ni hizo waya tu, muulize mkunga kama taulo lililochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa linaweza kukaa kiunoni, mimi baadaye ndo nilimalizia nalo.