Somo: Mpime mzee macho kwa daftari la hesabu, jicho moja moja

Mzee akilalamika kwamba fremu ya mlango imepinda, au kwamba uso wa anayemtazama una kivuli katikati, nyumbani tunasema ni uzee, au mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutia ukungu kote. Ugonjwa ninaouzungumzia, kuzorota kwa makula, hula pale katikati tu.

Makula ni sehemu ndogo ya retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho. Ndiyo tunayosomea, kutungia uzi kwenye sindano na kutambulia sura. Kwa baadhi ya watu waliopita miaka 50 huanza kuchakaa. Aina kavu huenda polepole, kwa miaka. Aina ya majimaji ndiyo inayonitisha: vimishipa dhaifu vya damu huota chini ya retina na kuvuja, na uoni unaweza kuharibika ndani ya siku au wiki chache.

Hatua ya 1. Chukua ukurasa wa daftari la viboksi, weka nukta nzito katikati. Ni njia ya Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi. Karatasi yake ina sentimita 10 kwa 10.

Hatua ya 2. Mzee avae miwani yake ya kusomea, akae penye mwanga, karatasi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni.

Hatua ya 3. Afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza. Msiiruke hatua hii, nawasihi. Macho yote mawili yakiwa wazi, lile zima hulifichia siri lililoharibika, na nimewapokea wazee waliogundua wakati jicho moja limeshakwenda.

Hatua ya 4. Atazame nukta tu. Mistari imenyooka? Kuna viboksi vilivyopotea? Kisha jicho la pili. Rudieni kila wiki.

Hatua ya 5. Mistari ikipinda, au doa jipya likitokea, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Duka la miwani halitoshi.

Maswali

*Dada muuguzi, mama ana aina ya majimaji, kaambiwa achomwe sindano ndani ya jicho. Hataki hata kusikia.*
Mwambie jicho hutiwa ganzi kwanza, na sindano yenyewe ni ya sekunde chache. Kwa kawaida huanza kila mwezi kwa miezi 3, kisha daktari hupanga. Ulizieni dawa ya sindano iitwayo bevacizumab, mara nyingi ndiyo nafuu kwa bei, na mpige hesabu ya sindano zote mapema. Wanaokatisha njiani hupoteza walichookoa.

*Vidonge vya macho vinasaidia?*
Mchanganyiko uitwao AREDS2 (vitamini C na E, zinki, shaba, luteini, zeaksanthini) hupunguza kasi ya ugonjwa kwa waliofika hatua ya kati. Haurudishi uoni, wala haumkingi asiyeugua. Mvutaji sigara aepuke vyenye beta-karotini, vinaongeza hatari ya saratani ya mapafu. Na sigara yenyewe aache, maana inauchochea sana ugonjwa huu. Mchicha na matembele mpeni kila siku.

*Baba ana aina kavu. Atapofuka kabisa?*
Uoni wa pembeni kwa kawaida hubaki, ataendelea kutembea uani. Mwekeeni taa karibu na anachosoma, na kikombe cheupe kwa chai ya rangi. Ukiingia chumbani taja jina lako pamoja na shikamoo. Usimwulize, "Babu, unanijua mimi nani?"