Kuihamisha Santuri ya Roki ya Kisimfonia Kwenye Kompyuta Ukiwa Kampala

Albamu za roki ya kisimfonia, yaani roki yenye nyimbo ndefu zilizotungwa kwa mtindo wa okestra, kama Stained Glass Stories, iliyotolewa mwaka 1978 na kundi la Cathedral kutoka New York bila msaada wa kampuni kubwa, zilichapwa kwa nakala chache. Atakayebahatika kuipata santuri ya namna hiyo airekodi mara moja, kwa usahihi, kwa sababu sindano huila mifereji yake kila inapopita.

Hatua ya kwanza, ambayo wengi huiruka, ni kupima mwendo. Umeme wa Uganda una hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), ilhali wa Marekani una hezi 60. Transfoma hushusha volti 240 hadi 120 lakini haibadilishi hezi, na kwa hiyo mashine ya santuri ya Marekani ambayo mota yake hufuata hezi za umeme itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓, na muziki wote utashuka kwa zaidi ya nusutoni tatu. Tafuta puli ya hezi 50 (gurudumu dogo la mota linaloendesha sahani ya santuri), kisha uhakikishe kwa karatasi ya duara yenye mistari 180, iliyowekwa juu ya sahani chini ya taa inayopepesa kwa umeme huo huo. Mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sahihi. Ukitaka kupima kwa sikio, usiitegemee Mellotron, kinanda ambacho sauti yake hutoka kwenye kanda zinazoyumba. Kinanda cha Hammond ndicho cha kuaminika.

Pili, safisha santuri kwa maji yaliyokenekwa na kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, hasa miezi ya Januari na Februari ambapo vumbi jekundu huingia hata madirisha yakifungwa.

Tatu, weka uzito wa sindano aliouagiza mtengenezaji, kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2. Muziki huu hupenda kufikia kilele mwishoni mwa upande wenye dakika 20 au zaidi, karibu na kitovu, mahali ambapo sauti hukwaruza kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo ilinganishe sindano kwa kusikiliza hapo, wala si mwanzoni.

Nne, rekodi kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi sauti, biti 24 na kilohezi 96, vilele visizidi desibeli -6. Umeme ukikatika, anza upande huo upya, usiunganishe vipande. Milio ya mikwaruzo iondoe mmoja mmoja kwa mkono: programu ya kufuta kelele huila pumzi ya sauti za nyuzi za Mellotron. Faili ghafi ihifadhi bila kuigusa, pamoja na namba zilizochongwa karibu na lebo, kwani hizo hutambulisha chapa ya nakala yako.