Unataka kuweka klachi ya oili kwenye Beetle? Pima kabla hujang'oa kebo

Wenye Volkswagen Beetle wengi tumeshachoka na kebo ya klachi kukatika njiani, ndo mana mtu anawaza achukue apa (silinda ya juu inayosukumwa na pedeli) na loa (silinda ya chini inayosukuma mkono wa klachi) za Hilux au gari nyingine afunge mle. Inawezekana kabisa, ila nakuomba usikimbilie duka la spea kwanza. Kebo ikiwa bado imefungwa na klachi inashika vizuri, muweke mtu akanyage pedeli mpaka mwisho, wewe uko chini ya gari na rula pale kwenye mkono wa gia boksi unaovutwa na kebo, uone unatembea milimita ngapi uandike. Ukishang'oa kebo hicho kipimo hukipati tena.

Tuseme umepata milimita 20. Loa yenye kipenyo cha 20.64 mm ukiipa apa ya 15.87 mm inayosukumwa 30 mm, loa inatoka kama 17.7 tu, klachi haiachii na gia zinakwaruza kila ukiingiza. Ukiipa apa ya 19.05 inatoka 25.6, hapo imezidi na pedeli inakuwa nzito, lazima uchomelee stopa ya pedeli usije ukaua presha pleti (ile inayobana diski ya klachi). Saizi mara nyingi imeandikwa kwenye bodi ya silinda, 5/8 au 3/4 ya inchi, futa grisi utaiona.

Alafu uelekeo, hapa wengi wanakwama. Kebo ya Beetle inauvuta mkono kwenda mbele, loa nyingi zinasukuma, kwa hiyo loa itakaa nyuma ya mkono na breketi iwe ya chuma kinene, manake ikipinda milimita 3 ndo hizo umeshazipoteza.

Nati za paipu nazo ziangalie vizuri sana, za Kijapani kawaida ni M10, yaani kipenyo cha milimita 10, ya uzi wa 1 mm, za magari ya zamani ya Kiingereza ni 3/8 ya inchi, na hii ya inchi inaingia kwenye tundu la M10 ikiwa inacheza kidogo unadhani imekubali, siku ukikanyaga kwa nguvu inachomoka.

Oili ni ya breki, DOT 3 au 4, ya injini inavimbisha raba. Pushirodi ya apa, kile kifimbo kinachosukumwa na pedeli, iachie kama milimita 1 icheze, la sivyo oili hairudi kwenye kikopo chake cha juu ya apa na gari ikipata moto klachi inaanza kuteleza. Na nipo ya kutolea hewa ikae juu kabisa ya loa, ikikaa chini hewa haitoki hata mkanyage kutwa nzima.